Kombe Alilokataa Kulishika

Miaka ile ya korona nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea, si mbali na stesheni ya treni ya St Marys, huku ughaibuni. Wageni hawakuruhusiwa kuingia; walisimama nje ya dirisha wakaongea na wazee wao kwa simu. Babu mmoja wa Kizungu, mjane, mapafu yamechoka, kila asubuhi alinitania kwamba ninamwogesha kama ninayefua mazulia. Nilimpenda bwana yule.

Ujanani alicheza hoki ya kwenye barafu. Timu yake ilifika fainali, ikafungwa, kombe la ligi likaenda kwingine. Sasa siku zake zilikuwa zinahesabika, na alichotamani ni kuliona kombe lile kwa karibu, mara moja tu.

Aliyelitunza kwa niaba ya ligi alikuwa mpinzani wake wa fainali ile, ambaye uzeeni alikuja kuwa rafiki yake. Akalileta. Meneja akakubali liingie kombe bila mwenyewe, mradi nilifute kwa spiriti. Nikalifuta, nikalikumbatia kama mtoto aliyetoka kuoga, nikampelekea kitandani. Kumbe nimevunja mwiko! Babu alirudisha mikono nyuma, akanieleza kuwa kwao wacheza hoki asiyelishinda kombe haligusi hata kwa kidole, na kwamba mimi ndiyo basi tena, ubingwa nisahau. Nikamwambia barafu yenyewe naiogopa hata ya kwenye friji.

Tulicheka, lakini mikono hakuitoa. Nisiseme uongo, nilikasirika. Mtu anakata roho, bado anashikilia miiko ya mchezo? Nikampigia simu rafiki yake aliyesimama nje ya dirisha, nikaweka spika, nikamweleza yote, sauti imenipanda. Mzee yule akaliegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Mwaka huu ligi imefutwa," akasema mwishowe. "Hakuna aliyeshinda. Kombe halina mwenyewe. Shika, ndugu yangu."

Babu akalishika. Akapapasa majina yaliyochongwa, akalilaza kifuani, machozi yakamtiririka wala hakuyafuta. Mimi nililia mpaka barakoa ikalowa.

Baada ya muda akanirudishia.

"Mpelekee mwenzangu," akasema, "kabla sijalizoea."

Nikalibeba, nikamwachia mlango wazi ili alitazame mpaka nilipokata kona ya korido.