Kamba ya Mama Iliyoitwa Utumbo

Mama mkubwa alipoipa kamba ya mama yangu jina la utumbo, uani kote walicheka, na baba alicheka kuliko wote. Naanza na kicheko hicho kwa sababu bado nakisikia.

Baba alikuwa na wake wawili pale Nkololo. Mama mkubwa alikaa nyumba ya bati mbele, mama yangu nyumba ya nyasi nyuma ya zizi, na kila mmoja alikuwa na kijana wa kiume wa rika moja. Ulikuwa wakati wa ruksa, biashara ilipoachiwa kila mtu. Wanunuzi wa pamba wa kila aina walikuja na malori yao, wakachagua waliyoitaka, wakaondoka. Yetu ilibaki ndani ikiliwa na panya. Mimi na ndugu yangu tulishamaliza darasa la saba, tulichunga na kulima, na kila mmoja alitamani kuondoka hata kwa miguu.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja wa Bariadi mjini. Alikuwa na duka, na ziwani, kule upande wa Mkula, alikuwa na mtumbwi mkubwa wa tanga wa kubebea mahindi na mkaa. Kamba za manila zilianza kujaa madukani, lakini alidai bei ya hizo hubadilika kila akiamka. Alitaka kamba ndefu za katani, za kupandishia tanga. Wake wa baba walisifika kwa kusokota kamba za ng'ombe, ila yeye alisema hanunui sifa.

"Mayu, mama yangu, kamba zenu ninyi wawili nitazifunga pamoja zivutwe," alimwambia mama mkubwa. "Itakayokatika, hiyo si ya ziwani. Itakayobaki naichukua, na kijana wa mwenye kamba naye namchukua, akafanye kazi kwenye mtumbwi."

Baba akakubali papo hapo. Tangu siku hiyo mama alikuwa ananisokotea safari.

Mkonge uliokomaa ulikuwa mpakani mwa shamba la mama mkubwa, na hakuruhusu jani hata moja liguswe. Mama alikata majani machanga ya miche aliyoipanda mwenyewe, akayakwangua nyama ikatoka, akaosha nyuzi na kuzianika. Maji ya mkonge yanawasha. Mikono ilimvimba, na paja alilosokotea likachubuka hadi nyama nyekundu. Nilimwonea huruma, lakini sikumwambia apumzike.

Siku ya kujaribu, kamba mbili zilipigwa fundo katikati. Ya mama mkubwa ilifungwa kwenye kisiki cha mkwaju, ya mama kwenye nira ya maksai wawili. Maksai wakacharazwa viboko, wakavuta hadi kwato zikachimba ardhi. Hakuna kamba iliyokatika. Mama akanitazama, na mimi nikamtazama ndugu yangu kwa dharau, kana kwamba nilishapanda mtumbwini.

"Ziwani hakuna vumbi," akasema yule mfanyabiashara. "Zilowekeni."

Zikalala kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Kesho yake maksai walivuta tena, na kamba ya mama ikalia kama kuni mbichi motoni, ikakatika. Maksai wakapiga magoti. Mama mkubwa akapiga vigelegele, akaokota kipande kilichokuwa kinachuruzika maji na kukiinua juu.

"Njooni muone utumbo wa mbuzi! Mwenzangu amesokota utumbo!"

Hapo ndipo walipocheka.

Mfanyabiashara akaagiza kamba nyingine kwa mama mkubwa, lakini ile iliyoshinda aliikunja mwenyewe, akasema hiyo ndiyo itakayopandisha tanga, maana imeshaonyesha nguvu zake. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Maksai aliyekwisha kulima ndiye wa kuaminika," alisema, na hakuna aliyembishia. Hata mimi niliona ni akili. Kwetu dume ambalo halijavaa nira halina heshima, na lililovuta plau msimu mzima ndilo watu wanaligombania. Tuliipima kamba kwa macho ya wafugaji. Lakini maksai akifunguliwa hula, hulala, huamka na nguvu mpya. Kamba haili wala hailali. Nguvu iliyozitoka nyuzi zake pale kwenye kisiki haikuzirudia tena, ingawa kwa macho kamba ilionekana nzima.

Ndugu yangu akaondoka nayo akiwa ameivaa begani. Hakuniaga. Nami ningekuwa yeye nisingeaga.

Miezi iliyofuata mama mkubwa hakumpa mama nafasi ya kupumua. Vile vipande vya kamba alivitundika mlangoni kwa mama, na kila mgeni aliyepita na salamu yake ya "mwadila" alionyeshwa. "Utumbo wako umekauka, mwenzangu? Hujaupika bado?" Mama hakujibu. Siku moja alivishusha, akaviunga kwa fundo, akavikunja na kuviweka chini ya kitanda. Nilimchukia kwa ule ukimya wake. Nilimchukia pia kwa kamba yake kukatika, na nilimwambia hivyo.

Kisha gari la yule mfanyabiashara likarudi na ndugu yangu amelala nyuma, amefunikwa turubai. Walikuwa wanapandisha tanga, ile kamba iliyoshinda ikakatika, na mti unaobeba tanga ukamwangukia kichwani. Mfanyabiashara alisimama uani, mbele ya mama mkubwa aliyekuwa akigaagaa chini, akasema, "Kamba yenu imenipasulia tanga." Hiyo ndiyo ilikuwa pole yake.

Mimi nililia na wenzangu. Lakini ndani, chini ya kilio, nilifurahi kwamba si mimi, na furaha hiyo ilikuwa tamu. Sijui kuisema kwa namna nyingine.

Kaburi lilipokuwa tayari, ikakosekana kamba ya kuteremshia jeneza. Kamba zote ndefu zilikwenda ziwani. Zilizobaki ni vijikamba vya kufungia ndama. Wanaume wakatazamana. Mama mkubwa akanyanyuliwa na dada zake, akaja hadi alipoketi mama.

"Mwenzangu," alisema, "nipe ile kamba yako."

Mama hakuinua macho. "Kamba gani? Mimi sina kamba."

Baba akasema, "Wewe mwanamke!" Mama hakumgeukia. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu, na siku hiyo alitaka umwingie mwenzake wote.

"Ile iliyo chini ya kitanda," mama mkubwa akasema.

"Chini ya kitanda kuna utumbo. Ukiutaka, uombe."

Mama mkubwa akapiga magoti mavumbini. "Naomba utumbo wako," alisema, "nikamzikie mwanangu."

Mama akanituma. Wakaikunja kamba mara mbili, wakaipitisha chini ya jeneza, na mimi nikapewa ncha moja nishike. Tuliteremsha taratibu. Fundo lilipita viganjani mwangu, nikalishikilia, nikaliachia, na kamba haikukatika. Jeneza likatua.

Wenzangu walitaka kuiacha humo, wafukie. Mama alikuwa amekwisha kuja hadi ukingoni, amenyoosha mkono wake uliojaa makovu ya mkonge. Alisubiri hadi nilipoivuta yote, akaipangusa udongo, akaikunja begani mbele ya mama mkubwa, akaenda nayo nyumbani.