Ubeti wa Tatu wa Jernej

Neža Podboršek alimzika mumewe, Jernej, Jumatano asubuhi, jijini Cleveland, akiwa na ahadi moja kifuani: kumwimbia kaburini wimbo wa mama yake, beti zote tatu, polepole, bila ala.

Jernej alitoka nao kijijini kwao Slovenia, ambako mama yake aliuimba kwenye matanga. Katika ubeti wa tatu mama anauliza nani atamfumba macho, na mwanawe yuko ng'ambo ya bahari. Barua ya msiba ilipomfikia Jernej, mama alikuwa na miezi miwili kaburini. Jernej aliuimba jikoni, masizi ya kiwanda cha chuma yangali usoni, kisha akasema, "Nikifa, Neža, niimbie wote. Usiruke hata neno."

Na Neža ndiye aliyeutoa. Lovro, mtoto wa kaka yake, mpiga kodiani mwenye bendi ya dansi ya polka, alikuja siku moja kutafuta nyimbo za zamani. Neža akamwimbia, Jernej akiwa kazini.

"Huu utatoka walsi tamu, shangazi, dansi ya hatua tatu. Ila ubeti wa mwisho tuuache."

"Ndio wenyewe huo, Lovro."

"Sasa nani atazunguka na mkewe ukumbini huku mtu anafumbwa macho? Hebu nikatie mkate mwingine."

Mwaka haukuisha, walsi ile ikawa kila mahali: redioni, kwenye harusi, kwenye baa za mtaa wa St. Clair. Jernej aliisikia mara ya kwanza kwenye harusi. Aliweka glasi mezani, akachukua kofia, akarudi nyumbani kwa miguu. Hakumuuliza mkewe kitu. Lakini tangu siku hiyo hakuimba tena, hata kanisani, na Neža alikuwa akipika huku redio ikiimba kwa niaba yake. Miaka mitatu hivyo, mpaka alipofariki.

Padri alipomaliza sala, Neža akasogea ukingoni mwa kaburi. Ubeti wa kwanza aliushika vizuri. Wa pili, waombolezaji wakamwitikia, na mabega yao yakaanza kuyumba kushoto, kulia. Akainua mkono waache. Wakanyamaza.

Akaanza wa tatu peke yake. Maneno alikuwa nayo yote. Sauti ya zamani ndiyo haikuja. Kila alipoutafuta ule mwendo mzito wa Jernej, ulimi ulimteleza kwenye hatua tatu za redio. Akakatisha. Akaanza upya. Ikawa vilevile. Nyuma yake Lovro, kofia mkononi, machozi yanamtoka, akamsaidia kwa kuguna mdundo: moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu.

Akauimba hivyohivyo mpaka neno la mwisho, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Alipoinamisha macho, aliuona mguu wake mwenyewe, ndani ya kiatu cheusi, ukigonga udongo.

Jirani yake akamshika kiwiko. "Umeimba vizuri, mama. Na mimi nusura nicheze, Mungu anisamehe."

"Atusamehe sote," Neža akasema, akachukua konzi ya udongo, akamtupia mumewe.