Mlango Uliosubiri Makofi

Zadock alikuwa amevaa shati lake jeupe ndani ya sare ya ulinzi, ili zamu ikiisha asipoteze muda wa kubadilisha. Ila zamu iligoma kuisha. Mlinzi wa kumpokea alikuwa amekwama barabarani, na pale kwenye jengo la kliniki, mtaa wa Oud Metha, huku ughaibuni kwa Waarabu, sheria ni moja: huondoki mpaka mwenzako asimame mahali pako. Basi akasimama, akawafungulia wagonjwa, "karibu sir, karibu madam," huku moyoni akiwaona watu wakiingia ukumbini kule Al Jaddaf, wakikaa, taa zikififia.

Ili ujue kwa nini jasho lilimtiririka katika ubaridi wa kiyoyozi, twende kwanza Vihiga. Zadock alikulia katika bendi ya Jeshi la Wokovu, akipuliza tarumbeta Jumapili kwa Jumapili mbele ya maandamano ya vumbi. Mwalimu wao wa bendi, mzee Yekoniya, alikuwa na redio iliyonasa stesheni ya Uingereza, na siku moja baada ya mazoezi ikapigwa simfoni ya Mwingereza fulani. Humo katikati tarumbeta moja ya mviringo ikaimba peke yake, polepole, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde bila kutaka kuwaamsha watoto. Zadock akasahau kwenda nyumbani.

Tangu hapo ugonjwa ukamwingia. Bwenini wenzake wakitazama mpira, yeye hujitia waya za masikio na kusikiliza simfoni za Waingereza. Atakuambia ipi huanza kama manyunyu, na ipi huisha kama mgeni anayeaga akiwa bado mlangoni. Lakini zote ni za kwenye simu. Hajawahi hata mara moja kukaa mbele ya watu wenyewe wakizipiga. Na sasa ile ya redio ya Yekoniya ilikuwa imeletwa na okestra kutoka Uingereza, Jumamosi mchana, onyesho moja tu, kisha wapande ndege.

Mkewe Everlyn, ambaye hunyoosha nguo katika hoteli moja Deira, alipata ofu siku hiyohiyo, jambo ambalo halitokei, na sasa alikuwa ametangulia ukumbini. Zadock alikuwa amemfunza adabu za ukumbi kama anayemfunza kuruta.

"Mama Mirriam, ina sehemu nne. Sehemu ikiisha watanyamaza kidogo. Hapo usipige makofi! Ni aibu. Makofi ni mwisho kabisa."

"Hata wakinibariki?"

"Hata wakikubariki."

"Kwani hilo ni tamasha au ni matanga, Baba Mirriam?"

"Nimesema."

"Haya basi. Nitaikalia mikono."

Wa kumpokea alipotokea, akihema na kuomba radhi, Zadock hakumngoja amalize salamu. Alivua sare akikimbia, akaruka kwenye teksi, na kila taa nyekundu ilipowaka aliinama mbele kana kwamba analisukuma gari. Alipofika ukumbini, milango ilikuwa imefungwa. Aliyeulinda ule wa upande wa viti vyao alikuwa Shem, anayelala naye chumba kimoja bwenini.

"Shem, fungua."

"Buda, umechelewa. Imeanza."

"Naisikia imeanza! Fungua kidogo tu, nipite kama paka."

"Wewe upite kama paka, mimi nirudishwe Kisii kama kuku kwenye kikapu? Bosi amesema tungoje makofi. Makofi yakilia, unaingia."

"Shem, hawa hawapigiwi makofi katikati."

"Acha zako. Nani hapigiwi makofi?"

Zadock akabandika sikio mlangoni. Sehemu ya kwanza ilikuwa inapanda, ikapanda, ikaisha. Kimya.

"Sasa! Fungua sasa!"

"Makofi yako wapi?"

"Nimekuambia hayapo! Ndiyo mapumziko yenyewe!"

"Wamenyamaza tu. Labda wanaomba."

Wakiwa katika mabishano hayo, fidla zikaanza upya. Mlango ukabaki umefungwa.

Zadock alishusha sauti, akamweleza Shem kwa vidole. Hii ya pili ni fupi na ina mbio. Ya tatu ndiyo ile ya Yekoniya. Na kutoka ya tatu hadi ya nne hawapumziki, wanaunganisha. Kimya kijacho kikipita, basi mlango utafunguka watu wakitoka. Shem alijikuna kisogo. "Sawa, buda. Wakinyamaza tena, nakufungulia, liwe liwalo."

Hapo ndipo Munir alipotokea koridoni, msimamizi wao, mtu wa Mombasa, redio ya upepo kiunoni.

"Kuna nini hapa?"

"Mgeni mmoja amechelewa, bosi."

"Pole sana, bwana. Makofi yakilia utaingia, inshallah. Na wewe Shem, mlango huo usiutie mkono kabla."

Shem akauondoa mkono wake kwenye kitasa.

Zadock angeweza kuusukuma mwenyewe. Kilo zake zilitosha. Akamtazama Shem, aliyekuwa akitazama viatu, naye akarudi nyuma hatua.

Ya pili ikaisha. Kimya kikashuka. Shem alimtazama Munir, na Munir aliitazama dari, akitega sikio apate makofi yake. Ndani mtu akakohoa. Kiti kikalia. Zadock alijua kimya hicho hakikai: kiongozi wa okestra anajipangusa uso, anafunua ukurasa, anainua mikono. Aliiona mikono hiyo ikipanda.

Pa! Pa! Pa!

Viganja vya mtu mmoja, vizito, visivyo na woga, vya mtu aliyezoea kuongoza pambio. Kisha wengine wawili watatu wakafuatisha kwa aibu.

"Makofi hayo," alisema Munir. "Yalla, Shem, mfungulie mgeni!"

Zadock akateleza gizani. Safu nzima ilikuwa imegeuka kumtazama mwanamke mmoja aliyeinamisha kichwa, mikono chini ya mapaja. Kando yake kulikuwa na kiti kitupu. Kiongozi wa okestra alikuwa amesimama akingoja, mikono hewani, mpaka aliyechelewa akae.

"Baba Mirriam, nisamehe," Everlyn alinong'ona, karibu kulia. "Nilikuwa nimeikalia, kweli tena. Ile ya mbio ikanirusha, nikashtukia imetoka. Yule mzee amenikodolea macho kama mwizi."

Alitaka kumweleza yote, ya Shem, ya Munir, ya mlango. Nafasi haikuwepo. Aliuchomoa mkono mmoja wa mkewe kutoka chini ya paja, ungali moto, akaushika kwa mikono yake miwili.

Jukwaani mtu mmoja aliingiza kiganja katika mdomo wa tarumbeta ya mviringo, akavuta pumzi. Zadock naye akavuta.