Upote Uliolowa

Leo nimenyamaza mahali pa kusema.

Mnajua mimi ni fundi pinde hapa Kibiti. Asubuhi shemeji Omari, mume wa dada yangu, kaja kuchukua upinde wake. Yeye na wenzake wanakwenda Matumbi kupigana na Wajerumani.

Kamba yake, ule upote, niliusokota kwa ngozi mbichi ya mbuzi, nikaukausha kivulini siku nne. Ukiugusa unalia.

Basi akaja mganga na maji ya dawa, yale ya kugeuza risasi. Akawanyunyizia wote vichwani, vifuani, na pinde pia.

Ngozi mbichi na maji, jamani.

Omari akavuta. Upote umelegea kama utumbo.

"Shemeji, mbona hivi?"

Nilitaka kumwambia asubiri ukauke. Lakini mganga ananitazama, na anayeyatilia shaka maji huitwa msaliti.

Nikasema, "Utakazika njiani."

Akaniamini. Wakaondoka.

Nyinyi mngesema? Msinionee haya.

Dada kaniletea wali wa kunishukuru. Uko hapa mbele yangu, umepoa.

Na nje mvua imeanza.