Kichwa cha Mama Kaza

Daktari alipomweleza kwamba ugonjwa umeshasambaa, na tiba iliyobaki ni ya kupunguza maumivu tu, Mama Kaza aliuliza kama anaruhusiwa kwenda kazini. Akaruhusiwa. Akachukua mkoba wake, akaaga, akaenda zake saluni.

Jina hilo alilipata kwa mikono yake. Alikuwa msusi tangu ujana, na alisuka kwa kukaza hasa: mteja akitoka kwake alibaki na macho ya mshangao siku mbili nzima. Walilalamika, wakameza dawa za kichwa, na wakarudi, maana mistari yake ilinyooka na haikufumuka hovyo. Sasa vidole vilikuwa vinakufa ganzi. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alisuka vizuri tu, ila wateja wakimkuta peke yake walisema watapita kesho. Hilo ndilo lililomkosesha mama huyu usingizi. Kufa alishakukubali, japo kwa shingo upande. Saluni kufungwa alikataa katakata.

Jumamosi moja, benchi likiwa limejaa na habari za ugonjwa zimeshazagaa mtaa mzima, akaketi kwenye kiti cha wateja mbele ya kioo, akavua kitambaa.

"Nisuke," akamwambia mkwewe.

"Mimi, mama?" Kichwa kile hakikuwahi kuguswa na msusi mwingine.

"Kwani nazungumza na kioo?"

"Mtindo gani?"

"Twende kilioni."

Benchi zima likageuka kumtazama. Ni mtindo wa kila siku, mistari ya kurudi nyuma isiyo na madoido, lakini siku hiyo jina lake lilichoma.

"Msinitolee macho," akasema. "Nimeuchagua kwa sababu hauna pa kuficha makosa."

Mkwe akaanza. Mstari wa tatu ukapinda. Mwingine angefumbia macho mbele za watu, lakini si Mama Kaza.

"Fumua."

Binti wa watu akafumua, machozi yakimlengalenga.

"Unanionea huruma, ndiyo maana mkono umelegea. Kinachouma ni tumbo, mwanangu, si kichwa. Kaza!"

Basi akakaza. Alikaza mpaka nyusi za Mama Kaza zikapanda juu.

"Uwii! Kumbe ndivyo nilivyokuwa nikiwatesa!"

"Leo umepatikana!" akadakia muuza vitambaa, mteja wake mkongwe na mlalamikaji mkuu, na benchi likaangua kicheko.

Mwisho Mama Kaza akapitisha kidole kwenye kila mstari, taratibu. Alipoinuka, muuza vitambaa alishakikalia kiti na kumgeuzia mkwe kisogo. "Nami hivyo hivyo," akasema.

Mama Kaza akaenda kukaa kwenye benchi. Alifurahi, na hakuificha furaha yake.

"Siku nikiondoka," akamwambia mkwewe kutoka pale, "waambie wasinifumue."

Mkwe hakuinua macho kwenye kazi yake. "Ukichelewa kuondoka zitachakaa, mama."

"Basi utanisuka upya."