Chupa ya Merle Haina Meza

Mwaka jana Merle Tranter aliipeleka chupa yake ya nyanya mbichi za kupikwa kwenye maonyesho ya kilimo ya Warrabeen, huko Australia, akaiweka kwenye meza ya mashindano ya chatne. Mwamuzi akasema vipande ni vikubwa mno, hiyo ni achari, na hata kijiko hakuchovya. Mwaka huu, basi, akaiweka kwenye meza ya achari. Mapishi yaleyale, sufuria ileile. Mwamuzi mpya, mama mwembamba kutoka mjini, akaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha, akabandika kikaratasi: imekosea meza.

Damu ikamchemka Merle. Tangu aolewe katika mji ule wa ngano na kondoo hajawahi kupata kadi ya buluu ya mshindi wa kwanza. Wenzake wametundika zao jikoni, wengine hadi chooni. Na vidole vyake vimeanza kukakamaa. Kukata nyanya sasa ni kazi ya kutwa nzima. Akikosa mwakani, basi tena.

Akamfuata mwamuzi, akataka aelezwe. Akajibiwa kwa upole kwamba achari hutafunwa na chatne hupakwa, na vipande vyake vimelainika mno. Alipouliza mbona mwaka jana vilikuwa vikubwa mno, mama yule akasema yeye mwaka jana hakuwapo. Jibu gani hilo?

"Mnatuchezea," Merle alisema, ukumbi mzima wa mabati ukimsikia. "Kila anayekuja ana achari yake kichwani. Nipeni mimi hiyo kazi niwaonyeshe mpaka uko wapi."

Vern, mwenyekiti wa maonyesho, alikuwa akihangaika tangu Pasaka kutafuta mwamuzi wa mwakani. Hakumpa Merle hata nafasi ya kupumua. Alimshika mkono palepale, akautangazia ukumbi kwamba mwamuzi amepatikana, watu wakapiga makofi, na mama mwembamba akapiga kuliko wote. Merle akajikuta anatabasamu.

Mumewe, Clarrie, alikuwa garini anatafuna mkate wa soseji, habari imeshamfikia. Alimtazama kwa huruma.

"Mke wangu, si unajua mwamuzi haruhusiwi kuleta chupa yake?"

Alijua. Alijua siku zote. Mdomo tu ndio uliomtangulia. Aliingia garini, akaufunga mlango kwa kishindo.

"Rudi ukakatae," Clarrie alisema.

"Nikatae vipi, Clarrie? Wameshapiga makofi."