Transfo ya Papa Cirhuza

Naikumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyofungua ampli ya Papa Cirhuza na kuitoa transfo yake. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma ya elektroniki, na kichwa kilichopita mlangoni kwa shida.

Papa Cirhuza, karani mstaafu, alikuwa jirani yetu hapa Goma. Mke wake, Mama Nsimire, alikuwa ameshafariki. Alimwachia kaseti moja ambamo aliimba peke yake, na muzee aliisikiliza kila Jumapili baada ya misa, kwa ampli ya zamani iliyokuza sauti kwa lampe, yaani vali za kioo zinazowaka kama taa, na kwa spika moja kubwa. Spika hiyo walitoka nayo Bukavu kwa boti, mama ameikalia njia nzima ili isiguswe.

Aliniita kwa sababu ampli ilikuwa inakoroma. Kazi ya nusu saa. Lakini mimi nilikuwa nimesoma habari za ampli zisizo na transfo ya kutokea, yaani lampe zinaungwa moja kwa moja na spika, bila kile kipande kizito cha chuma na waya kinachokaa katikati. Nikamwambia muzee kwamba chuma kile kinamkaba mama koo kwenye kaseti, naye akaniruhusu kukitoa. Maneno hayo yananiaibisha hadi leo.

Nilipomaliza, lampe nane zilikuwa zinawaka juu ya bati kama jiko la mkaa.

"Mutoto, hii ni ampli ao ni mbabula?"

"Sikiliza kwanza, muzee."

Akasikiliza. Sitakudanganya, mwanangu: ilikuwa nzuri. Tulimsikia mama akivuta pumzi kabla ya ubeti. Muzee alishika mkono wa kiti hadi wimbo ukaisha. Halafu akauliza jambo ambalo hakuna profesa aliyewahi kuniuliza.

"Na lampe moja ikigonjwa?"

"Ziko nane, muzee. Zitasaidiana."

Hazisaidiani, na nilijua. Lampe moja ikipiga shoti, umeme unaingia wote kwenye spika, na ile transfo ndiyo iliyokuwa inauzuia. Wanaotengeneza ampli za namna hii kwa akili huweka fyuzi na kinga ya kukata spika, na hupima lampe mara kwa mara. Mimi niliacha vyote, kwa kuwa nilisoma kwamba vinapunguza uzuri wa sauti. Vinapunguza kidogo sana. Labda mbwa tu angesikia tofauti.

Wiki ya tatu Furaha, binti wa muzee, akaja kuniita. Jana yake spika ilikuwa imetoa moshi. Niliikuta koili yake nyeusi kama makaa. Nikapima lampe: moja ilikuwa imepiga shoti. Muzee alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ni nini?"

"Ni courant, muzee. Ilipanda."

Katika mji huu courant, umeme wa mtaani, hubeba dhambi za mafundi wote.

"Ah. Courant," akasema. "Aksanti, mutoto." Akanipa chai, nami nikainywa.

Hatukupata spika nyingine ya kufaa. Muzee akabaki na radio ndogo, ambamo mama aliimba kama mtu aliyefungiwa ndani ya kopo. Kila tulipokutana aliniuliza, "Hauna kitu cha kuniambia?" Nilidhani anataka habari za mjini. Nikampa bei ya samaki wa soko la Kituku.

Baada ya mazishi ya muzee Furaha aliniletea ile transfo niliyoitoa, ambayo babake alikuwa ameitunza, ikiwa imefungwa katika kitambaa. Nikaanza tena hadithi ya courant. Akanikatiza kama mdogo anavyomkatiza kaka yake.

"Yaya, ile wiki hatukuwa na courant. Tulikuwa tunajiwashia umeme kwa groupe ya mafuta. Papa alijua. Alisema, muache, atakuja mwenyewe."

Sikwenda.

Transfo ile iko mezani kwangu, inazuia karatasi zisipeperuke. Kwa hiyo nakuomba, mwanangu: kabla hujatoa kitu kizito unachoona hakina kazi, uliza kwanza kinazuia nini. Na ukiharibu cha mtu, mwambie siku hiyohiyo, hata sauti ikitetemeka. Spika sikuweza kuitengeneza. Lakini kusema "ni mimi, muzee" kulihitaji pumzi moja tu, na nafasi nilipewa kila tulipokutana.

Mungu akujalie wazee wenye subira kama yake, na akufikishe mlangoni kwao wakiwa bado wanakungoja.